Kilo Tisa Kamili

Jumamosi, 17 Juni 1989

Siku kubwa! Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kata. Mashindano ya baiskeli siku ya Sabasaba, kutoka Bukoba mjini mpaka Muleba. Nimelisoma mara tatu kimoyomoyo. Mara ya nne nimelisoma kwa sauti, ili wasiojua kusoma nao wajue nani atashinda.

Mimi, Karugendo, ndiye mtu pekee tarafa nzima mwenye baiskeli ya aluminiamu. Si chuma. Aluminiamu! Giya kumi, matairi membamba, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume. Aliniachia yule Mzungu wa utafiti aliyekuja kutoa watu damu vijijini kwa ajili ya ugonjwa huu unaokondesha watu. Nilimbebea sanduku la chupa miezi minne. Alipokaribia kuondoka nikaisifu baiskeli mbele yake siku sita mfululizo, asubuhi na jioni. Siku ya saba alichoka, akanipa.

Wengine wote hapa wana Foniksi ya Kichina, lichuma ambalo hata likiegemezwa mgomba, mgomba unalala. Mpinzani wa maana ni mmoja tu, Buberwa. Foniksi yake ina karia mbele na karia nyuma. Hubeba mbao za majeneza, ndizi za misibani, wagonjwa wa kupeleka hospitali. Anachechemea tangu vita vya Uganda, risasi ya paja. Watu wakimwona wanampisha njia na kumwamkia kwanza. Hata mimi nilikuwa vitani. Mgambo. Nililinda ghala la sukari mjini, na halikupotea hata gunia moja, ukiacha lile moja.

Jioni nimeipima baiskeli kwenye mizani ya chama. Mimi ni karani wa mizani wa chama chetu cha msingi cha kahawa, mwaka wa nane sasa, kwa hiyo sikuhitaji ruhusa ya mtu. Kilo kumi na mbili. Nyingi mno! Bingwa hawezi kuburuta kilo kumi na mbili. Nimeamua iwe tisa. Tisa kamili.

Jumatatu, 19 Juni

Kazi imeanza. Nimeng'oa karia. Nimeng'oa madigadi yote mawili. Stendi. Taa na dainamo yake. Kengele pia, maana nitakuwa mbele na mbele hakuna wa kumpigia. Breki ya nyuma nimeing'oa kwa sababu hiyohiyo ya ushindi: anayeshinda hasimami.

Mke wangu Eufrazia ameuliza maji na ndizi vitapandishwa na nini kutoka bondeni. Nimemjibu kuwa historia haibebi ndizi. Akachukua ndoo, akashuka bondeni kwa miguu. Nadhani ameelewa.

Nimeipima. Kilo kumi! Zimetoka mbili kwa siku moja.

Halafu jambo la ajabu. Nikapima vitu nilivyovitoa, kimoja kimoja. Karia: mshale haukufika hata kwenye sifuri. Dainamo: sifuri. Kengele, madigadi, stendi: sifuri, sifuri, sifuri. Nimefikiri sana. Nimegundua kuwa vitu vidogo vikiwa peke yake havina uzito, ila vikifungwa kwenye baiskeli ndipo vinaupata. Sijawahi kuona jambo hili katika kitabu chochote. Nimeliandika kwenye ukurasa wake.

Ma Petronila naye alikuwa pale, amekuja na kigunia chake cha kahawa ya maganda. Analea wajukuu watano, baba zao wote wamelala kibanjani, chini ya migomba. Mshale ukasema kilo kumi na nne. Akasema mikono yake inamwambia zaidi. Nikamweleza kwa upole, kama ninavyomweleza kila msimu: mshale wetu hulala kilo mbili nyuma ya sifuri, kwa ajili ya gunia na vumbi. Ndio utaratibu. Karani aliyenitangulia aliniachia hivyo. Gunia kubwa linakatwa kilo mbili, dogo kilo mbili, hakuna upendeleo. Akasema gunia lake tupu halifiki hata kilo moja. Nikamwambia inayobaki ni vumbi.

Kilo hizo zinakwenda ghalani kwa chama. Sijawahi kuzila mimi, isipokuwa Krismasi na Pasaka.

Jumatano, 21 Juni

Nimevurugiwa mazoezi. Nilikuwa napasua upepo kuelekea barabara ya Kaagya, nikamkuta Ma Petronila amesimama kando na mzigo wa binadamu. Binti yake Joviana. Ameshuka kwenye basi, karudi kutoka Mwanza, na miguu imekataa kumfikisha nyumbani. Joviana huyu namkumbuka alivyocheza ngoma harusini kwangu, ardhi ilikuwa inalia. Sasa amekaa juu ya sanduku, kajifunga kanga mpaka kichwani, saa saba ya mchana.

Ma Petronila akaniomba waitu, tafadhali, nimpakie binti. Nikatazama nyuma ya baiskeli yangu. Hakuna karia. Nikaeleza habari ya kilo mbili zilizotoka. Wote wawili walinisikiliza mpaka mwisho.

Akatokea Buberwa, ana ndizi mikungu miwili. Akaishusha majanini, akatandika koti lake kwenye karia, akampandisha Joviana akaenda naye taratibu. Sikujisikia vizuri, naandika ukweli. Nikabaki kulinda ndizi za Buberwa. Mtu aliyepita akaniuliza nauza shilingi ngapi.

Jumamosi, 24 Juni

Kashai, Bukoba mjini, kwa fundi Mayunga! Msukuma huyu ana mikono. Kwanza alitaka kuinunua baiskeli. Nilipokataa akakubali kuitoboa.

Mpango wangu ni huu, na umetoka kichwani mwangu peke yangu: tundu halina uzito. Basi mahali palipo na chuma weka tundu. Mayunga ametoboa mikono ya pedeli, matundu kumi na moja kila mkono. Ametoboa nguzo ya siti. Ametoboa kishikio cha breki iliyobaki. Akaniuliza kama nina hakika na mikono ya pedeli, maana ndiyo inayobeba mguu. Nikamwambia yeye atoboe, hesabu aniachie mimi.

Usukani wa pembe za kondoo tumeutupa. Badala yake tumeweka kipande cha nguzo ya hema la jeshi, kilichobaki tangu vita. Chepesi kuliko fimbo ya kuchungia. Siti ya ngozi nimempa Mayunga iwe zawadi, akanichongea nyingine ya mti ule mwepesi ambao wavuvi wanafanyia maboya ya nyavu. Inauma kidogo. Inauma sana. Lakini nilirudi nyumbani nimesimama, na anayesimama anakimbia zaidi.

Saa kumi na moja mizani. Mshale ukapanda, ukasita, ukatulia.

Kilo tisa. Kamili! Niliita watu wote waliokuwa uani kwa chama waje washuhudie, wawili. Nimeandika cheti, nikakipiga muhuri wa chama, nikatia sahihi mahali pa karani na mahali pa shahidi.

Jumanne, 27 Juni

Nimepaka rangi kwenye fremu, herufi nyekundu: KILO 9. Upande wa pili nimeandika tena, kwa wanaopishana nami.

Jumapili baada ya misa niliiegemeza pale pale mlangoni pa kanisa. Kila aliyetoka aliombwa aiinue kwa kidole. Padri aliinua. Katekista aliinua mara mbili. Buberwa aliinua, akairudisha chini polepole, akasema ni nzuri. Basi, nzuri tu! Wivu unamla huyu mtu, ingawa anauficha vizuri sana.

Leo kwenye mteremko breki ya mbele ilikataa. Niliingia kwenye kibanja cha Ma Petronila, nikavuka migomba, nikasimamishwa na kichuguu. Joviana alikuwa amelazwa kwenye mkeka uani, akipata jua. Aliniuliza kama ndiyo njia mpya. Alikuwa anacheka. Mama yake akasema hajamsikia akicheka tangu arudi. Nimejivunia. Goti limevimba.

Alhamisi, 29 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Leo gulio. Shilogile, yule mama wa Kisukuma anayeleta samaki kutoka visiwa vya Muleba, alikuwa ametundika mizani yake palepale chini ya kibanda cha chama. Nikanunua sangara mkavu. Nikamwinua mkononi. Mkono wangu wa miaka minane ya mizani ukaniambia napunjwa! Nikamwambia hadharani mizani yake ni mwizi. Akaniambia mizani yake inajulikana kuanzia Mwanza. Nikamwambia kuna njia moja ya kukata ubishi: tupime kitu ambacho uzito wake unajulikana serikalini. Nikatoa cheti. Nikaleta baiskeli.

Watu wakajaa. Tukaitundika. Kilo kumi na moja.

Nikashangilia! Nikamwonyesha kila mtu: kitu cha kilo tisa yeye anakiuza kilo kumi na moja! Huyu mama anatuibia kilo mbili! Shilogile akashika kiuno akasema twende mizani ya tatu, na atakayeonekana mwongo asipime tena kitu cha mtu gulioni hapa. Nikakubali haraka. Nilikubali mimi, hakuna aliyenilazimisha.

Mizani ya tatu ni ile ya zahanati, ya kupimia watoto. Alhamisi ni siku ya kliniki. Muuguzi Georgina alikuwa na akina mama kwenye foleni, akasema baiskeli si mtoto. Nikamwambia ni zaidi ya mtoto. Mwishowe akakubali ili tuondoke. Aliondoa ile suruali ya kutundikia watoto, akaning'iniza baiskeli kwenye ndoano. Watoto wote wakanyamaza kulia.

Kilo kumi na moja.

Nilisema amesoma vibaya. Akasoma tena. Nikasema baiskeli imenyonya ukungu wa ziwa. Nikasema ni vumbi la barabarani.

Hapo Ma Petronila akasimama kwenye foleni, na mjukuu mgongoni. Hakupandisha sauti. Akauliza ni vumbi gani hili, linaloongeza kilo mbili kwenye baiskeli na kupunguza kilo mbili kwenye kahawa.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Akina mama wakaanza kutazamana, nikaona kila mmoja anahesabu vigunia vyake kimoyomoyo, miaka minane. Mwenye kigunia cha kilo kumi, mbili. Mwenye cha kilo kumi na tano, mbili.

Nimerudi nyumbani kwa njia ya migombani. Sangara nimemsahau zahanati.

Jumamosi, 1 Julai

Mkutano wa dharura wa chama. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti ameleta jiwe la mizani la kilo tano, la kukopa. Mshale wetu ukasema tatu. Nilieleza habari ya utaratibu na karani aliyenitangulia. Mzee mmoja akasema karani huyo ameshakufa na hakuacha ugonjwa wa kuambukiza kwenye mshale. Nikaomba niongee kwa kirefu. Wakakataa.

Maamuzi. Moja, Buberwa ndiye karani wa mizani kuanzia leo. Buberwa! Watu walipiga makofi kabla jina halijaisha kutajwa. Mbili, nitoe kahawa ya kibanja changu mwenyewe, irudishwe kwa wajane na mabibi wote wenye vigunia vidogo. Tatu, msimu wote uliobaki nifunge tena karia, nipite nyumbani kwao kuchukua vigunia, niwalete na kuwarudisha. Na kwa kuwa Buberwa sasa atashinda kwenye mizani, wagonjwa nao nitawabeba mimi.

Mizani mpya inaazimwa mjini. Ile ya zamani hakuna aliyetaka kuiona tena, wakaamuru itupwe. Nikajitolea kuitupa mwenyewe, kwa mikono yangu. Watu walisema angalau kwa hilo nimeonyesha toba.

Nimemweleza Eufrazia kuwa nimepandishwa cheo. Zamani nilihudumia kahawa tu, sasa kahawa na watu. Akaniuliza kwa nini hiyo mizani iko chumbani. Nikamwambia nimeitupa huku.

Jumanne, 4 Julai

Mgonjwa wangu wa kwanza: Joviana. Hospitali, Bukoba mjini.

Nimefunga karia. Nimetandika mto wa Eufrazia. Nikajiandaa kwa uzito, nikavuta pumzi, nikakanyaga pedeli kwa nguvu zangu zote. Karibu nianguke kwa mbele. Nikageuka kuangalia kama amepanda. Alikuwa amepanda. Njiani niligeuka tena mara tatu, nikidhani ameanguka. Kila mara alikuwepo, ananiuliza kuna nini.

Wiki tatu sasa sina ninachokipenda duniani kama wepesi. Ule wa leo sikuupenda. Naandika hivyo na sitaandika zaidi.

Pale Ijuganyondo tulipumzika. Akatazama baiskeli, akasema ni nzuri, haimtikisi. Hakuna mtu aliyewahi kuisifu bila mimi kuanza! Akauliza matundu ni ya nini. Nikamweleza yote: mikono ya pedeli, nguzo ya siti, sheria ya tundu. Kwamba siku ya mashindano kila kisicho cha lazima hutolewa. Alisikiliza kwa makini. Akasema kumbe hata yeye anaandaliwa kwa Sabasaba. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Sikujua nicheke au niombe. Nilitaka kupiga kengele tu, nipate la kufanya. Nilishaing'oa.

Hospitali walimpima uzito. Alisoma mwenyewe, akajifunga kanga, tukatoka getini. Halafu akaniuliza, mimi mtu wa mizani, kama mizani ile inasema kweli. Nikamwambia haiwezekani. Nikamwambia nimeshaona mizani nyingi za ovyo katika kazi yangu, ila kwa uovyo ile ni ya kwanza. Akasema basi atangoja aliye na mizani nzuri.

Anatakiwa kurudi kila Jumanne.

Ijumaa, 7 Julai, Sabasaba

USHINDI. Karibu.

Karia nimeitoa usiku wa jana kwa ajili ya siku moja tu. Katika maamuzi ya chama hakuna mahali palipotajwa sikukuu. Mjini baiskeli ishirini na tatu. Foniksi ishirini na mbili na mimi. Filimbi ikalia, nikapaa! Mpaka Kyetema sikumwona mtu. Mpaka Kemondo sikumwona mtu, ila mbuzi. Watu barabarani walisoma KILO 9 wakapiga vigelegele. Niliwaza hotuba.

Kwenye mlima kabla ya Muhutwe nikasimama kwenye pedeli, nikakanyaga. Pakalia kama mtu anayevunja muwa. Mkono wa pedeli wa kulia umekatika, tundu la sita kuhesabu kutoka juu. Nikaenda na mguu mmoja. Kisha nikaenda na miguu miwili, kwa kutembea.

Wakanipita. Mmoja mmoja, wakiniamkia kwa heshima zote, jambo linaloumiza kuliko matusi. Wa kumi na nne alikuwa Buberwa, anachechemesha Foniksi yake kama anapeleka mbao. Akasimama. Mtu yuko kwenye mashindano, anasimama, wawili wanampita! Akapigapiga karia ya nyuma kwa kiganja, kama anavyowafanyia wagonjwa.

Nilikataa. Jua lilikuwa kali. Nikapanda.

Basi nikaingia Muleba nimekaa kwenye karia ya Buberwa, baiskeli yangu begani kwa mkono mmoja. Mkono mmoja! Ipi nyingine katika baiskeli ishirini na tatu ingeweza kubebwa begani kilomita zote hizo? Umati mzima ulisimama. Ulikuwa unashangilia wepesi, hakuna shaka, ingawa wengine walikuwa wameshikana wasianguke kwa kicheko. Na tulipokaribia kamba ya mwisho nikainyoosha baiskeli mbele, juu ya kichwa cha Buberwa. Gurudumu langu la mbele lilivuka kamba kabla ya lake. Waamuzi wameandika Buberwa wa kumi na sita. Mimi nimeandika hapa, kwa wino, Karugendo wa kumi na tano.

Njiani kurudi nilimwambia nimemshinda kwa urefu wa gurudumu. Akakubali. Akaniambia nyumbani ana mikono ya pedeli ya zamani ya Foniksi, ya chuma, atanipa, maana Jumanne haiko mbali.

Jumapili, 9 Julai

Nimekwenda misa. Mchana nimefunga mikono ya chuma ya Buberwa. Mizito kama dhambi za mtu mzima, lakini haitakatika. Nimerudisha karia. Nimerudisha kengele, Joviana ameiomba, anataka awe anapiga yeye tukipita kwa watu.

Halafu nikaitazama karia. Chuma kitupu, bila tundu hata moja! Nimechukua msumari na nyundo. Matundu kumi na manne. Eufrazia akauliza kama sikuona kilichotokea pale mlimani. Nikamweleza kwamba ule ulikuwa mkono wa pedeli, hii ni karia, ni vitu viwili tofauti kabisa. Akaninyang'anya nyundo. Nilikuwa nimekwisha kumaliza.

Nikaingia chumbani, nikaitundika baiskeli kwenye mizani ya zamani, ile niliyoitupa. Kilo kumi na moja! Mizani yangu mwenyewe, niliyoiokoa na shimo la takataka! Nikachunguza. Nyuma ya mshale kuna skrubu ndogo, imelegea kwa uzee. Nimeigeuza kidogo tu. Kumi. Kidogo tena.

Tisa. Tisa kamili, pamoja na karia na kengele! Rangi kwenye fremu haina haja ya kufutwa. Nimeandika cheti kipya. Muhuri sina tena, nimetumia chupa ya dawa ya kikohozi, sehemu ya chini, imetoka duara safi.

Jumanne kabla ya safari nitampitisha Joviana hapa nyumbani, akae kwenye kiti cha kamba nilichokifunga kwenye ndoano, nimpime kwa utulivu, kitaalamu. Nimeshaijaribu skrubu. Inageuka pande zote mbili. Nimepiga hesabu ya mizunguko: atakuwa ameongezeka kilo nne, na cheti chake nitamwandikia kwa herufi kubwa.